Pahali Pako Katika Wanane

Wamepata mtu wa kusimama pahali pako, Nadini, na mtu mwenyewe ni mimi.

Ningeanza na salamu, lakini salamu za kumwuliza mtu hali yake nimeshindwa kukuandikia. Mimi ni mama yako, mwandiko wangu unaujua, darasa la sita halijaongezeka.

Sasa ni mwezi wa nne tangu uende. Bado nasuka nywele pale pale, bado nalala upande wangu wa kitanda, wako uko wazi. Viatu vyako vya kuchezea dansi viko dirishani. Nimevijaribu, havinitoshi.

Wale wazungu wako wa dansi pale Glenwood hawakukusahau, hilo nataka ulijue kwanza. Unakumbuka Mama Solanji wa kwaya alivyonipigia kelele, ati mzungu unayemfanyia usafi anakupeleka wewe, mtoto wa watu, kwenye ukumbi ushikwe mkono na wanaume wanne ndani ya wimbo mmoja? Nilimjibu mbele ya kwaya yote: "Wanne, ndiyo, na wote wazee wa kuvaa miwani, na kila mara anarudi kwa yule aliyeanza naye. Wewe wako mmoja tu, na harudi." Walicheka mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia. Hakuna mtoto mwingine aliyetoka Uvira na vita mgongoni, akajifunza dansi ya watu wanane, na amri zote kwa Kiingereza. Ni wewe tu. Nilisema hivyo kwa kila kichwa nilichosuka.

Baada ya mazishi, Madamu Doroti, huyo uliyekuwa unamfanyia usafi, alinichukua niende nione. Nadini, walikuwa saba. Walijipanga wawili wawili kila upande, na upande wako mwenzako wa kucheza, mzee Piti, alisimama peke yake. Kaseti ikaanza. Yule anayeita hatua akaita wabadilishane. Na kila mwanaume aliyefika pahali pako alinyosha mkono hewani, akazunguka taratibu kama vile umemshika, halafu akaenda kwa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyekuruka. Nilikaa kwenye kiti nikahesabu: wanne. Nilirudi kila wiki kuangalia tu hiyo. Ilikuwa dawa yangu.

Halafu wiki iliyopita yule mwitaji akasema basi. Kundi la dansi la mtaa wa Bluff linakuja kucheza nao, na mbele ya wageni hawawezi kuwa saba. Amepata msichana fulani wa chuo anayetaka kuingia.

Msichana fulani. Nikasimama nikasema mimi najua hatua zote. Eish, walivyogeuka kuniangalia. Hawakujua ulinifundisha jikoni, viti viwili na ndoo mbili zikiwa wanaume, ukinisukuma mabega: "Mama, usiangalie miguu. Tafuta mkono."

Wakaniweka pahali pako nijaribu, na niliweza. Sikuambii ili kujisifu, au sawa, ninajisifu. Mwili huu wote, na sikumkanyaga mtu. Niliacha mkono, nikashika mkono, nikaacha, nikashika. Walikuwa wanacheka kwa furaha, na mimi pia, nilicheka.

Ndipo nikafika tena kwa mzee Piti. Akanishika, akaniambia yale yale aliyokuwa anakuambia kila ukimaliza mzunguko: "Ah, umerudi."

Nani amerudi, Nadini? Hakuna aliyerudi. Nikaangalia mikono yao, yote ilikuwa na mtu. Hakuna aliyenyosha mkono hewani tena. Mimi ndiye niliyekutoa. Si homa. Homa ilikuchukua kwa siku nne pale hospitali, lakini pale ukumbini ulikuwa bado uko, na mimi mama yako nikaja na makalio yangu nikakaa juu yako.

Madamu Doroti alinikumbatia, akasema ungefurahi. Ni mwema, lakini hajui. Nikitoka, atasimama yule msichana. Nikibaki, ni mimi. Njia ya wewe kubaki haiko. Nimeitafuta kila siku nikisuka, mpaka nimemvuta mteja nywele akalia, na haiko.

Basi nitasimama mimi. Angalau ni damu yako itakayoshikwa.

Lala salama, mwanangu, mama yangu mdogo. Ninakuahidi sitakosea hatua hata moja, wasije wakasema Nadini alifundisha vibaya. Kitu kingine cha kukuahidi sina. Nimeazima sketi pana, ile ya kuzunguka, Madamu ameiongeza kitambaa kiunoni. Kundi la Bluff limethibitisha, kwaya imeomba viti vya mbele, na Mama Solanji na mdomo wake amesema hatakosa. Wote watakuja Jumamosi.