Pijo Tuliyoiacha Mugeta

Mjukuu wangu Wambura,

Huku Musoma hatujambo. Mama yako mdogo bado anauza dagaa sokoni Mwigobero, na goti langu linanisumbua mvua ikinyesha. Umeniuliza gari gani la zamani lilikuwa zuri kuliko yote. Ni Pijo 404 ya baba yangu, nyeupe, yenye taa za nyuma zilizochongoka kama pembe.

Aliuza ng'ombe kuinunua. Majirani wa Mugeta walimtania, "Huyo ng'ombe wako atazaa lini?"

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, injini ilikuwa imekufa. Mimi nilikuwa darasa la sita, msichana wa vitabu na maneno machache. Lori la kutuhamisha lilikuja mara moja tu. Dereva akasema, "Mzee, chagua. Nikivuta gari, mtama wenu unabaki. Vyote viwili lori haliwezi."

Baba alitutazama sisi watoto. "Pakia mtama."

Kisha akachukua kitambaa, akaifuta ile Pijo kuanzia boneti hadi taa za nyuma, taratibu, mpaka ikang'aa. Mama akamwuliza, "Baba Nyamisi, unaifuta ya nini, na tunaiacha?"

"Haijatukosea kitu," akajibu.

Tukaondoka. Nilikuwa juu ya magunia, nikaona vumbi letu wenyewe likiifunika. Baba alikaa mbele na dereva, hakugeuka. Hakununua gari tena.

Ndiyo maana siwezi kukutajia jingine. Bado naiona ilivyong'aa asubuhi ile, kabla lori halijawashwa.

Bibi yako anayekukumbuka,
Nyamisi