Mkwe Ameniona Nikilamba Vidole

Dodoma mjini,
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi

Ndahani,

Mkono wako wa kulia, ule uliobonyeza kamera ya mjukuu wetu Edina wakati wa mavuno, hebu utazame sasa hivi. Umeutazama? Mkono huo umenivunjia heshima niliyoijenga tangu Mariamu wangu aolewe. Nilikwambia ngoja nimalize kula, ninawe. Nilikwambia ngoja nikunje miguu. Wewe ukacheka kama fisi, ukasema, "Dada, kula tu, hiyo ndiyo picha yenyewe." Mtu mzima, mwenye wajukuu, unachezea kitu cha watoto! Nimekasirika, na hii kalamu naikandamiza mpaka karatasi inataka kutoboka.

Sasa salamu, maana sikulelewa bila adabu. Mbukwenyi nyote hapo Haneti. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Goti lako linasemaje? Yule mbuzi wangu mweusi amezaa, au na yeye anangoja mvua kama wewe? Shamba mmeshasafisha? Mimi mwili ni mzima. Kilichobaki hakitulii, utasikia.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu ya mwenye duka hapo haishiki mtandao mpaka apande kichuguu, na mambo ya mkwe hayapigiwi kelele juu ya kichuguu watu wakinunua chumvi na kusikiliza. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zilezile za kisomo cha watu wazima, kile ulichokikimbia ukisema ni cha wanawake. Basi leo mwanamke wako akusomee. Wifi yangu, soma kwa sauti, na usiruke mahali ninapomgombeza.

Unajua kilichonileta huku. Edina kazi yake iko mjini, anachapa barua za wakubwa ofisini, na Mariamu na mumewe Yona wako Ihumwa. Mariamu akaniomba nije nikae na mwanawe hapa Chang'ombe mpaka aolewe, watu wasije wakasema msichana anaishi peke yake. Nimekuja, nimekaa. Lakini kukaa kwenyewe ni kazi. Kufagia nimeshafagia. Kunde nimeshachambua. Uani ni padogo, ukinyoosha mikono unagusa nguo za jirani kwenye kamba. Nakaa, nainuka. Naenda mlangoni, narudi. Redio ya jirani inatangaza sabuni kutwa nzima kama vile mji wote ni mchafu. Upepo ukitoka upande wa kwetu natoka nje kuunusa. Juzi mawingu yalikusanyika, nikaanza kutafuta jembe kabla sijakumbuka kwamba hapa hakuna shamba, kuna saruji tu.

Jioni ndiyo inanikera zaidi. Edina akitoka ofisini harudi moja kwa moja. Anapitia chumba kimoja karibu na stendi, kina kompyuta zimepangwa kama vijungu vya mama ntilie, watu wanalipia wanakaa. Wanaita intaneti kafe. Siku ya kwanza nilimngoja mlangoni nimeshika mwiko.

"Unatoka wapi?"

"Kwenye blogu yangu, bibi."

"Ana mke huyo?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Si mtu, bibi. Ni kama ubao wa matangazo wa kanisani, ila huu ni wangu mwenyewe, na anayetaka anausoma, hata akiwa Ulaya."

"Unatangaza nini?"

"Maisha tu. Maji yakikatika. Bosi akisinzia kwenye kikao. Wewe ukinigombeza."

"Wanakulipa?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayelipia."

"Basi una wazimu."

"Huenda, mke mwenzangu. Lakini nikikosa siku moja mikono inaniwasha."

Hapo nikaushusha mwiko, Ndahani, kwa sababu nilikumbuka vibuyu vyangu. Unakumbuka? Nilikuwa nikirudi shambani mgongo umekatika, natia chuma motoni, nachora kibuyu mpaka giza liingie. Mama alikuwa akiniuliza, "Maziwa yatazidi utamu kwa hiyo michoro?" Hayakuzidi. Nilichora tu. Basi nikamwacha mtoto na ubao wake, nikamwambia awahi kurudi, basi.

Kumbe picha yako ilikuwa imeshabandikwa humo.

Sikiliza sasa ilivyokuwa. Yona naye alisikia kwamba binti yake anachelewa kurudi. Mzazi yeyote angeuliza, na hasa sasa, maana kuna kijana mmoja ameshasema neno, na wazee wake wa Singida wanakuja kumposa Edina. Yona akamwambia Mariamu, "Hao watu wakisikia msichana anazurura jioni, watageuzia njiani." Edina akaumia. Akasema atamwonyesha baba yake kwa ushahidi kwamba hafanyi jambo baya. Akatoa ukurasa mzima wa blogu kwenye karatasi, na picha humohumo, akapanda gari akaenda Ihumwa kwenye kibanda cha baba yake cha kutengeneza baiskeli.

Mtoto wa mjini! Amesoma mpaka kompyuta, lakini hakuna aliyemfundisha kwamba mkwe hamwangalii mkwe akila.

Yona alikuwa anakunywa chai na wenzake. "Baba, hiki ndicho ninachofanya jioni." Akafuta grisi mikononi, akaipokea karatasi kwa heshima, akaanza kusoma maneno ya binti yake kuhusu mavuno ya kwetu. Akashuka, akashuka, akanikuta. Mimi huyo, chini ya maneno. Miguu nimeinyoosha, kitenge kimepanda magotini, kidole kimezama mdomoni mpaka shinani, na uzi wa mlenda unaning'inia kidevuni kama kamba ya ndama. Mwenzake mmoja akachungulia begani. "Eee! Huyu mama anajua kula! Ni nani huyu?" Yona aliirudisha karatasi macho ameyafumba, akaacha chai, akaacha baiskeli ya mtu haina gurudumu, akaenda nyumbani kulala mchana.

Wewe unajua mimi na Yona tulivyoishi. Tangu ameoa hajawahi kuniona nikitafuna, wala mimi sijamwona yeye. Akija anakohoa mbali, mimi naingia ndani. Tukikutana njiani yeye anapita majanini huku, mimi majanini kule, njia inabaki tupu katikati. Hata nilipofiwa na mume wangu alinipa pole akiutazama ukuta. Wanawake wa hapa mtaani wanaketi meza moja na wakwe zao, wanapokezana chumvi. Shauri yao. Mimi sikuwahi kukosea hata mara moja, Ndahani, na wakwe wote wa Haneti walikuwa wakipigiwa mfano wangu. Leo mafundi baiskeli wa Ihumwa wanajua ninavyomeza.

Mariamu alikuja Jumapili iliyofuata baada ya kanisa, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, baba Edina anasema hajakasirika."

"Kwa hiyo?"

"Anaona aibu. Anasema akifumba macho anaona vidole vyako. Tangu siku ile mlenda haumpiti kooni, nampikia maharage kila siku."

"Na wageni wakija?"

Akaanza kuvuta uzi wa kanga yake. "Anasema hawezi kuja kukaa katika nyumba uliyomo kabla jambo halijasafishwa. Anasema yeye ndiye aliyeona, hawezi kujisafisha mwenyewe."

Yona amesema kweli, ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mjinga ningemtukana nikalala.

Nikadhani atapoa. Siku moja nikaenda soko la Majengo kutafuta uwele. Nikainua macho, Yona huyo anakuja, ameshika mnyororo wa baiskeli. Tuliruka wote wawili. Mimi nikajifunika kanga nikageukia mafungu ya nyanya. Yeye akazama kwenye mitumba, katikati ya magauni yaliyotundikwa. Nikitazama kwa pembeni naona viatu vyake chini ya gauni la maua. Muuzaji anamwuliza kwa sauti, "Mzee, unajaribu au unanunua?" Watu wakaangua kicheko. Yona hakutoka. Niliondoka bila uwele ili mtoto wa watu apate kupumua.

Wageni wa Singida wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Hapa, katika chumba hiki. Fikiria wanaingia, wanakaribishwa, wanauliza, "Baba wa binti yuko wapi?" Tutasema nini? Tuseme amejificha kwenye magauni? Wataona binti hana baba, au baba hamtaki kijana wao, watainuka na kanzu zao warudi Singida. Na mimi nikiondoka nyumba hii siku hiyo, watasema bibi mzaa mama alikuwa hai na akakimbia. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Naamka nalo, nafagia nalo.

Edina amelia mpaka macho yamevimba. Akasema, "Bibi, naifunga blogu. Nafuta yote."

"Ukifuta, baba yako atakuwa hajaona?"

"Hapana."

"Basi unafuta nini? Ondoa picha hiyo tu. Ubao wako uache."

Nikamwambia anipeleke nikaone kwa macho yangu ikitolewa. Nikakaa mbele ya kile kioo, kijana mwenye chumba akaniletea kiti chenye mto. Nikajiona. Nitakwambia kitu, na wifi asikisome kwa majirani. Ningekuwa si mama mkwe, ningesema ile picha ni nzuri. Nilikuwa nakula jasho langu, na ilionekana. Chini yake kumejaa maneno ya watu nisiowajua. Edina akanisomea. Mmoja yuko Ulaya, kijana wetu, anasema akiniona analia kwa hamu ya mlenda. Nikasema, "Mwandikie aache kulia, arudi alime." Mwingine, sijui mwana wa nani, ameandika kwamba bibi huyu ni mchafu. Nikasimama. Nikasema, "Andika! Mikono hiyo ilinawa kabla ya kushika ugali, na yeye akamwulize mama yake alimlisha kwa nini, kwa uma?" Chumba kizima kikacheka, lakini Edina akaandika neno kwa neno.

Kesho yake picha haipo, na wao wanauliza, "Bibi yuko wapi? Bibi mgonjwa?" Sasa kila jioni, badala ya kumngoja na mwiko, namngoja kumwuliza, "Leo wamesema nini?" Hii nayo imeniongezea kutotulia. Najikuta naosha vyombo nikijibu watu walioko mbali ambao hakuna aliyeniomba niwajibu.

Lakini majibu yote hayo hayamleti Yona. Anayemleta Yona ni wewe.

Edina anasema kosa ni lake. Nimemwambia hapana. Yeye ni mjukuu, mjukuu ni mtani wangu, hata angenipiga picha nikioga nisingemdai kitu. Yona naye alipewa karatasi na mwanawe, angekataaje? Aliyebonyeza ni mtu mzima, mjomba wa Mariamu, aliyepokea ng'ombe wa mahari kwa mkono huohuo. Desturi yetu unaijua, baba aliifanya ukiwa mkubwa wa kutosha kuchunga. Aliyevunja hupeleka mbuzi, na mkwe akishachinja huurudisha mguu kwa mama mkwe ukiwa umefunikwa, naye anaula ndani bila kuonwa na mtu. Hapo jicho limesafishwa. Mimi siwezi kwenda kumwambia Yona neno hili, unajua siwezi. Wewe unaweza. Na usinijibu kwamba goti linauma, kwa sababu siku ile ya kamera ulichuchumaa vizuri sana.

Msalimie wifi yangu aliyesoma haya, na kama amecheka nimemsikia. Msalimie mchungaji wetu, mwambie kwaya za huku zina vinanda lakini hazina sauti. Msalimie mama wa jirani anayeniangalizia nyumba, na usimwambie habari hii, maana itafika Kondoa kabla barua haijakauka wino. Watoto wa hapo, wakubwa na wadogo, waambie bibi yao yupo.

Sasa fanya hivi. Barua hii kondakta akikukabidhi, siku inayofuata mkamate yule beberu wangu mwenye doa kifuani, si yule wako mwenye kikohozi. Panda naye basi mpaka mjini, usilale hapa kwangu, pitiliza mpaka Ihumwa. Mpe Yona mkono, mwambie kosa ni la mkono huo. Mle nyama mshibe. Mguu aufunike mwenyewe, Mariamu aulete. Kwenye sanduku langu, chini ya shuka, kuna kitenge cha bluu na kitambaa chake cha kichwa, vilete pia visipate kukunjamana. Wageni wakishaondoka nitakaa kwenye kiti, miguu nimeikunja, mdomo nimeufunga, Edina anipige picha ya kuwaonyesha wale wanaouliza.

Wewe kamera usiiguse.

Dada yako mkubwa,
Perisi, bibi yake Edina