Afadhali Korona

Jumatatu, 1 Julai. Korogwe.

Mahojiano mawili leo, yote ya hovyo. Wanawake wanaoanika singa za mkonge wananijibu kama watoto mbele ya mkaguzi. Meneja mzuri, kazi nzuri, tunashukuru. Mama Tumaini hata kukaa alikataa.

"Mimi nimezaliwa kambi hii, mwanangu. Mama yangu kazikwa hapo nyuma. Sina kwingine. Niache nianike."

Nikamwacha. Nimekasirika. Siwezi kuandika tasnifu ya udaktari juu ya uongozi kwa watu waliofunga midomo.

Nashukuru yupo Shekiondo, nyapara wa kiwandani. Huyo anasema. Wiki iliyopita alinipa sentensi inayoshinda mahojiano yote: "Kati ya meneja na korona, afadhali korona. Inakata mkono tu." Korona ndiyo mashine ya kukamua majani ya mkonge, imeshakula vidole vya watu, na bado afadhali yenyewe. Nilimwahidi jina lake halitatoka kwangu.

Jumatano, 3 Julai.

Kesho nawasilisha matokeo ya awali kwa uongozi. Ndiyo masharti ya kibali cha utafiti. Profesa anayenisimamia kapiga simu, anataka sentensi ya korona iwemo. Bila sauti ya mfanyakazi, anasema, tasnifu yangu ni maiti.

Nimeiweka. Bila jina.

Alhamisi, 4 Julai.

Meneja alicheka. Wakuu wa idara wakacheka baada yake, si kabla. Akaomba nirudishe ile slaidi ya korona. Akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mwalimu, umefanya kazi kubwa."

Akanimiminia chai kwa mkono wake. Sijaipenda ile chai.

Ijumaa, 5 Julai.

Asubuhi meneja kasimamisha mashine. Kapanga watu wote uwanjani, juani. Mimi kaniwekea kiti kivulini, pembeni yake. "Mgeni wetu kaja kujifunza uongozi. Akae aone."

Akaisema ile sentensi bila kukosea neno. Kisha akasema hakuna atakayekunywa maji mpaka aliyeisema ajitokeze.

Jua likapanda. Msichana mmoja mjamzito alianguka. Meneja akasema aachwe alale, amechoka. Watu wakaanza kuangaliana. Kwanza kwa huruma. Baadaye si kwa huruma.

Shekiondo akanyoosha mkono. Shekiondo mwenyewe.

"Ni Mama Tumaini, mkuu. Nilimwona na mwalimu."

Halafu sauti nyuma: ni yeye. Nyingine: kweli, ni yeye huyo. Wanawake anaoanika nao kila siku, waliomlilia mumewe alipokufa. Ni yeye, ni yeye. Walishaona njia ya kufika kwenye maji.

Mama Tumaini hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi. Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikufungua mdomo.

Kafukuzwa palepale. Chumba cha kambi akiache kabla ya jioni. Watu wakaenda bombani, wakasukumana.

Jumamosi, 6 Julai.

Nimemwendea meneja ofisini. Nimemwambia si Mama Tumaini, yule hakuwahi hata kukaa na mimi.

"Najua," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Yule mama hana mdomo huo, mwalimu. Lakini wamemchagua wenyewe. Umewasikia. Sasa kuna atakayethubutu tena?" Akaegemea kiti. "Ukitaka arudi, nitajie aliyeisema kweli. Nampigia simu sasa hivi."

Akaweka simu mezani. Nikaitazama. Nilifikiria ahadi yangu. Nilifikiria watoto wa Shekiondo. Nilifikiria shahada yangu. Sijui nilianza na kipi.

Sikutaja.

"Haya," akasema. "Kumbe na wewe unaweza kuongoza watu."

Shekiondo alinisubiri nje ya geti. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Ahsante mwalimu, umenisitiri, Mungu atakulipa. Nilitaka kumzaba kibao.

"Nina watoto wanne wanasoma," akasema.

"Na yeye?"

"Yeye anaye mmoja tu."

Alisema kwa upole kabisa. Alikuwa ameshapiga hesabu.

Jumanne, 9 Julai.

Profesa kasikiliza yote bila kunikatiza. Nikajua kaguswa. Nilipomaliza akauliza:

"Ulirekodi?"

Nikasema nataka kukifuta kiwanda chote kwenye utafiti, nianze upya mahali pengine. Akasema nisiwe mtoto. Watu wanatafuta tukio kama hili maisha yao yote. Yule mama ameshafukuzwa. Nikiandika nisiandike, ameshafukuzwa.

Nilikata simu. Nikampigia tena baada ya kula. Nikaomba radhi.

Jumapili, 14 Julai. Handeni.

Niko kwa mama. Anawaambia majirani mwanawe karibu anakuwa daktari. Mmoja kaja na goti lake linalouma.

Nimeandika sura ya nne. Uwanja, jua, maji, sauti moja baada ya nyingine. Mama Tumaini nimempa herufi badala ya jina. Imetoka vizuri. Haijawahi kutoka vizuri hivi. Najichukia, na bado nimeisoma mara ya pili kwa raha.

Jumamosi, 20 Julai. Mashewa.

Niliambiwa Mama Tumaini yuko huku, kwa shemeji yake. Nikapanda bodaboda, nikafika asubuhi. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Tumaini, binti yake, alikuwa anafagia. Aliponiona akaingia ndani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye ungo.

Nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hayakuja. Kuku alisogea, Mama Tumaini akamfukuza kwa mguu. Akauliza, bila kuinua macho:

"Umekuja kuuliza tena?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda, jua halijawa kali."

Nikasimama. Nikasema tena shikamoo, taratibu, kama mtu anayeaga asiyejua kuaga. Akachukua hindi jingine.

Nimerudi barabarani kwa miguu.