Mzigo wa Majani, Naro Moru

Dada Zuhura,

Pokea salamu zenye baridi. Mlima umejifunika mawingu tangu kazi inilete huku, na yale mazoezi uliyonisihi nifanye kwa ajili ya sukari yangu nilikaribia kuyaacha. Kukimbia peke yangu njia ileile kulinichosha moyo kabla ya miguu.

Jana asubuhi mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe alinisimamisha. "Wewe, kila siku unakimbia, ni nani anakufukuza?"

"Hakuna. Natafuta afya."

"Basi leo badilisha. Beba hii, mimi nipumzike."

Nikaubeba mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso kama alivyofanya yeye, tukapanda kilima. Kila nilipoyumba alicheka, nami nikacheka. Kwake alinimiminia uji moto, akauliza, "Kwenu ulikuwa unakimbia na nani?" Nikataja jina lako, sauti ikakatika. Aliniongezea uji.

Kesho ameniita tukalime viazi, na nitaenda. Wewe kula vizuri, uvae viatu vyako jioni, utembee hata bila mimi. Nimekukosa sana, hata kelele zako za "twende, mvivu wewe!"

Mdogo wako,
Mwanaisha