Sehemu ya Nne

Landi za Reli, Nakuru
20 Januari 1957

Binti yangu Achola,

Pokea salamu zangu na za majirani wote wa nyumba za reli hapa landi. Mimi nakula na kulala vizuri, ni mgongo tu unanisumbua, na huo ni wa kufagia, nimeuzoea. Molo mnaishije na baridi hiyo? Mume wako hajambo? Na huyo aliye tumboni anakupa nafasi ya kupumua?

Leo nimekutumia sanduku la bati kwa treni ya mizigo. Lifuate stesheni wewe mwenyewe siku ya Alhamisi, usimtume mtu. Ni vitabu vyetu vya nyota na roketi, vyote sitini na vitatu. Tangu mama yako atutoke na wewe uolewe, wakubwa wanasema mtu mmoja hawezi kukalia chumba kizima, basi wamenihamishia kwa mabachela. Tuko wanne. Mmoja wetu, Kipchoge, huwasha jiko kwa karatasi yoyote anayoiona. Siwezi kufumba macho vitabu vikiwa karibu na mtu kama huyo.

Miaka kumi na mitatu nimeviokota kimoja kimoja. Namba moja ni kile nilichopewa na Mmarekani kule Burma wakati wa vita, vingine vyote vimeachwa na abiria kwenye mabehewa ya sekondi, daraja la pili. Sheria yetu wafagiaji unaijua: treni ikifika Nakuru, chupa ni za Kipchoge, magazeti ya habari ni ya Karanja, na chochote chenye picha ya roketi ni changu, hata kama aliyekiokota ni mwingine. Wananicheka, lakini wananipa.

Kizungu changu mimi ni cha kujibu "yes sir" tu. Ni wewe uliyenisomea tangu darasa la nne, macho kwa Kizungu, mdomo kwa Kiswahili, mama yako akitufokea kwamba ugali unapoa. Ng'ombe za ukweni zilikuja kwa mila. Sanduku hili nakupa mimi, ni lako, si la mume wako wala la kaka zako. Liweke pakavu.

Halafu ile habari yetu ya nahodha, ile inayotoka kipande kipande vitabuni. Sehemu ya nne bado naitafuta. Mwaka wa nane huu yule nahodha mzee anaelea angani nje ya chombo, kamba imekatika, na binti yake yuko ndani ameshika usukani. Mimi bado nasema anageuza chombo amfuate baba yake. Na wewe bado una kichwa kigumu?

Ni mimi baba yako,
Nicodemus Owuor

Molo
3 Februari 1957

Baba mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi sote wazima, ila mtoto ameanza kupiga teke wakati wa hesabu, nikishtuka wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanacheka.

Sanduku limefika. Nililifungua palepale stesheni, nikakaa chini kama mtoto. Harufu ni ya chumba chetu, mafuta ya taa na sabuni ya mama. Karani aliuliza kama ni Biblia. Namba kumi na saba bado ina doa la chai ambalo nilichapiwa, na aliyemwaga ni wewe, baba, leo kubali.

Nimeliweka chini ya kitanda. Nyumba yetu ni ya mabanzi, upepo unapita kati ya mbao unavyotaka, lakini chini ya kitanda ni pakavu.

Kichwa changu bado kigumu. Binti anaendelea na safari. Chomboni kuna watu mia mbili, na baba yake ni nahodha, angemwamuru asiwapoteze kwa sababu ya mzee mmoja. Usininunie.

Binti yako,
Achola

Molo
25 Agosti 1957

Baba mpenzi,

Natumaini mgongo umetulia. Barua zako mbili zimefika, nisamehe kwa kukaa kimya muda huu wote. Mtoto alizaliwa tarehe nane Julai, ni msichana, na amepewa jina la marehemu mama. Nilikaa hospitali siku kumi kwa sababu kifua chake kilikuwa kibaya. Sasa ananyonya vizuri. Mama mkwe alikuja kutusaidia na bado yuko, ni mama mwenye mikono isiyokaa bure.

Umeuliza vitabu mara mbili. Viko salama, baba. Viko palepale sandukuni, vimepangwa kwa namba zako. Mtoto akikua kidogo nitaanza kumsomea.

Binti yako,
Achola

Landi za Reli, Nakuru
13 Oktoba 1957

Achola, nyathina, mtoto wangu!

Salamu baadaye! Kaa chini kwanza.

Umesikia redio? Warusi wametupa mwezi wa chuma huko juu na unazunguka dunia. Landi yote inabishana. Karanja anasema ni uongo wa Wazungu. Mimi nimewaambia, miaka yote mlinicheka na roketi zangu, haya, chekeni sasa! Kipchoge amenipa mkono wa heshima, yule yule mchoma karatasi.

Lakini hiyo ni habari ndogo. Jumanne, behewa la sekondi la treni ya kutoka Kisumu, chini ya kiti cha dirishani, nimeokota SEHEMU YA NNE. Naijua ile picha, nahodha na kamba yake. Nilikaa palepale na fagio mkononi mpaka msimamizi akanipigia kelele.

Sijampa mtu anisomee. Niliweka ahadi na wewe. Nitakuja Molo Jumamosi ya tarehe pili Novemba, pasi yangu ya reli iko. Unajua kwa mila yetu mimi siwezi kuingia nyumba yako kabla ya kuitwa rasmi na wakwe, kwa hivyo nitakaa kibarazani. Wewe utanitolea sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, tuzisome upya polepole na mtoto magotini pangu, halafu hii. Ajabu kweli, leo nimefurahi mpaka naogopa.

Mnaendeleaje nyinyi? Haya, hiyo ndiyo salamu.

Baba yako,
Nicodemus Owuor

Molo
19 Oktoba 1957

Baba mpenzi,

Pole na kazi. Nimefurahi sana kwa habari hizo zote mbili. Lakini naomba usije tarehe hiyo. Mtoto ameshikwa na surua na nyumba haifai mgeni. Labda baada ya Krismasi. Nitakuandikia.

Binti yako,
Achola

Landi za Reli, Nakuru
3 Novemba 1957

Achola,

Mimi nimerudi salama. Sina la kukuuliza kuhusu afya, maana afya yenu nimeiona.

Niliposoma surua sikula siku mbili. Dada yako mkubwa alikufa na surua, na wewe unajua. Niliomba ruhusa nikaja Ijumaa badala ya Jumamosi, na dawa mfukoni na blanketi ya mtoto. Wewe ulikuwa shuleni. Mama mkwe wako alinipokea vizuri, sina ubaya naye. Alinitolea mtoto kibarazani. Mtoto ana mashavu kama andazi! Nikauliza surua iliisha lini, yule mama akanishangaa.

Kisha akafungua mlango wote ili nione kutoka nje kazi yake. "Ona vile tumempashia mjukuu wetu joto," akasema. Sikuingia. Hakukuwa na haja. Ukuta mzima ni vitabu vyangu. Namba zangu za penseli ziko pembeni kwa kila karatasi. Namba kumi na saba iko juu ya kitanda na doa lake la chai. Nahodha amebandikwa miguu juu.

Nikamwambia asante, kazi nzuri. Ningesema nini tena kwa mama mzee aliyefurahi hivyo? Sikunywa hata maji. Nilitembea mpaka stesheni na sehemu ya nne ndani ya koti.

Nisikie vizuri. Kama ungeniandikia Julai, baba, mtoto anakohoa na upepo unaingia, ningemtumia huyo mama unga wa kupikia gundi. Ningekasirika, ndiyo, halafu ningetuma. Lakini wewe umeniandikia kwamba viko sandukuni vimepangwa kwa namba zangu. Umekaa chini ya ukuta huo huo, ukaandika hivyo. Na ili nisijue, ukamtia mtoto mzima ugonjwa uliomuua dada yako.

Baba yako,
Nicodemus Owuor

Molo
10 Novemba 1957

Baba,

Sijui nikusalimuje. Naomba usome mpaka mwisho.

Nilirudi kutoka hospitali na mtoto anayehema kama mtu aliyekimbia. Nikafungua mlango, nikakuta chumba kina joto kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mama mkwe alisimama katikati, gundi ya unga mpaka kwenye viwiko, anacheka. Yeye hasomi. Aliona karatasi za zamani chini ya kitanda na akaona mjukuu atakufa kwa baridi. Nilimshukuru, halafu nikaenda chooni nikalia. Je, ningebandua ili mtoto akohoe? Niambie wewe. Nilichoka pia, baba. Kila barua yako iliuliza vitabu kwanza, mtoto baadaye.

Lakini ukuta si kosa langu, na najua wewe hujasema ni kosa langu. Kosa ni uongo. Nilisema mmoja nikifikiri wewe hutavuka mlango wangu kwa mila, halafu ukaniambia nikutolee vitabu nje, nikaona nimekwisha. Ile surua nimeitaja kwa mdomo wangu, na tangu siku hiyo kila mtoto akipata joto naamka kumshika paji la uso.

Nimejaribu kubandua kwa maji moto. Karatasi inatoka kama uji. Basi nimeanza kunakili. Nimesimama kitandani na daftari, nimeandika kila neno la ile habari yetu linaloonekana. Lakini ni upande mmoja tu wa kila karatasi, baba. Upande wa pili umeshikana na mbao. Hapo nimejaza kwa kukumbuka, nikisikia sauti yako unauliza, "Halafu? Halafu?" Daftari liko ndani ya bahasha hii.

Nakuja Nakuru Krismasi na mtoto. Nisomee picha, nami nikusomee maneno, tumalize. Au kama umeshasomewa na mtu, niambie tu kama aligeuza chombo au hakugeuza. Mimi sasa natamani awe amegeuza.

Binti yako,
Achola

Landi za Reli, Nakuru
8 Desemba 1957

Achola,

Salamu kwa mume wako na kwa mama mkwe. Blanketi niliiacha Ijumaa ile juu ya pipa la maji nje, natumaini mtoto anafunikwa nayo.

Daftari limefika. Mwandiko wako ni mzuri, nililipia shule mwandiko huo. Nimelirudisha pamoja na barua hii kwa sababu mabachela hapa hawana adabu na karatasi.

Krismasi nitakuwa kazini. Usisumbuke na safari.

Kuhusu vitabu kwanza na mtoto baadaye, nimefikiri sana. Ni kweli. Sikujua kuuliza mambo mengine. Hiyo ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kuongea na wewe, na wewe ulijua.

Sehemu ya nne imesomwa. Karani wa parseli, Bwana Kosgei, anajua Kizungu. Alinisomea saa ya chakula cha mchana, sauti kavu kama anaita mizigo. Nilitaka kumwambia hapana, si hivyo, hapo unatakiwa kunyamaza kidogo, binti yangu mahali kama hapo alikuwa ananyamaza kidogo. Nilimwacha amalize. Nikakaa kwenye mizani ya mizigo nikalia mbele ya watu, mzee mzima.

Kisha kitabu hicho nikampa Mugure, yule anayeuza njugu kwenye platifomu ya stesheni. Alichana kurasa palepale akafungia njugu, na treni ya Kisumu ilipoondoka hakukuwa na hata moja iliyobaki. Aliniuliza kama nina nyingine kama hizo. Nilimwambia zilikuwepo.

Sasa najua binti alifanya nini kwenye ule usukani. Katika reli yote hii najua mimi na Bwana Kosgei, naye ameshasahau. Umeniuliza kama aligeuza chombo. Sitakwambia, hata ukija na kupiga magoti hapa landi. Miaka minane tulingoja pamoja, na sasa wewe utangoja peke yako.

Nicodemus Owuor
Mfagiaji wa mabehewa, Nakuru