Mzigo wa Rehema

Rehema mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu mbili. Namba yako ya zamani haipatikani, kila ujumbe ninaokutumia unabaki na tiki moja. Ya pili unaijua mwenyewe: nilikukana mbele za watu, haifai nikuombe radhi kichochoroni.

Leo nimekula peke yangu pale kwenye mgahawa wetu wa Xiaobei, hapa Guangzhou. Maharage ya nazi bado yako vilevile. Ulikuwa unasema yale maharage yamesikia tu habari za nazi kwa jirani. Nimecheka, mhudumu akanitazama, nikajifanya nasoma kitu kwenye simu.

Unakumbuka mashine ya kusaga, nyumbani Singida? Mama alikuwa anakupa kipande cha mkaa uandike jina letu kwenye gunia, maana mwandiko wangu mimi ulikuwa kama kuku kaparua. "Mzigo usio na jina hauna mwenyewe," alikuwa akituambia. Ulikuwa na miaka minane, ulimi umeutoa pembeni ya mdomo, na majirani wakaanza kukuletea magunia yao. Wakati ule kila mtu alikuita mtoto wa kiume, nawe hukubisha. Mimi tu uliniambia, siku moja tunachota maji, kwamba wanayemwita siye wewe, wewe ni msichana. Nikakujibu, "Sawa, beba ndoo." Sidhani kama nimewahi kukujibu vizuri kuliko siku ile.

Ulipokuja Guangzhou kunisaidia biashara, ulikuja na jina ulilojichagulia na gauni lako la bluu. Kule ghalani tulikuwa watu watano tunaochangia kontena, na kazi ya kuandika marobota ikawa yako bila mtu kukupangia. Jina la mwenye mzigo, namba ya robota, DAR ES SALAAM. Hata laoban, bosi wa ghala, alikuwa anasimama kukutazama, kidole gumba juu. Mpaka siku Mama Deo, mwenzetu anayenunua nguo soko la Shisanhang na kuimba nami kwaya, alipopigiwa simu kutoka nyumbani akaelezwa ulizaliwaje. Hakupiga kelele. Alisema taratibu tu kwamba mzigo wake usiandikwe na mkono ule. Wengine wakatazama chini. Halafu akanigeukia.

"Kwani huyu ni nani wako?"

"Ni kibarua tu," nikasema. Nikanyoosha mkono, nikaichukua makapeni, kalamu yako ya kuandikia marobota, kwenye vidole vyako.

Baada ya wiki mbili ukahamia Bangkok, na kutoka huko ukanitumia ujumbe mmoja: "Dada, mwezi wa sita huku tunaandamana, watu kama mimi na wanaotupenda. Njoo, hata ukisimama pembeni." Niliusoma mara nyingi na sikujibu. Nilimwogopa Mama Deo, nililiogopa kanisa, niliogopa kula peke yangu.

Mwaka huu nimekwenda. Nimechelewa mwaka mzima, najua. Nilichukua kipande cha boksi kule ghalani, nikaandika REHEMA kwa herufi kubwa kama za robota, kwa mwandiko wangu uleule wa kuku, nikapanda nacho ndege. Nilidhani utaliona jina lako kwa mbali. Watu walikuwa wengi kuliko mkutano wa injili: wanaume wameshikana mikono, wanawake wa safari kama yako wamependeza, wazazi wamebeba picha za watoto wao. Nilianza kwa kusimama pembeni, kama ulivyoniruhusu. Kisha mama mmoja mtu mzima akanipa ncha ya kitambaa kirefu chenye rangi za upinde wa mvua, nikaishika, nikaingia barabarani. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga Rehema ni nani. Nikamwambia ni mdogo wangu wa kike. Neno lilitoka kirahisi, maana pale hakuna anayenijua. Tulitembea mpaka jua likapoa, na nilitazama kila uso. Hukuwepo.

Zamani sikuelewa mnaandamana kudai nini. Nilidhani mnataka tuwashangilie. Kumbe ni mambo ya kawaida kabisa: kupanga chumba bila kufukuzwa, kutibiwa bila kuchekwa, kumpenda mtu bila kufungwa, kuandika robota la mwenzako. Vyote hivyo mimi nilivikuta tu, sikuandamana. Basi nasema wazi, ni haki yenu, na mimi niko upande wenu, huku na nyumbani.

Jumatatu nikarudi ghalani na boksi langu kwapani. Wote walikuwepo, wanafunga mizigo. Laoban akaliona, akadhani ni alama ya robota jipya, akauliza kwa sauti ni mzigo wa nani. Mama Deo akaacha kamba yake.

Bangkok nilikuwa mgeni, hapa ndipo ninapoishi.

"Ni jina la mdogo wangu wa kike," nilisema, kwa Kiswahili, ili wanaohusika wasikie. "Yule mliyemkataa. Na mimi nilimkataa."

Mama Deo alimalizia fundo lake. Tangu siku hiyo wanachangia kontena bila mimi, na Jumapili simu yangu hailii. Nilichokiogopa kimenipata. Unauma, upweke huu, sikufichi, na mimi nimeuonja wiki tatu tu. Wewe umekuwa nao tangu kwenye mashine ya kusaga.

Marobota yangu saba yako ghalani yananisubiri nipate mtu mwingine wa kuchangia naye. Sijayaandika. Laoban ananisumbua kila asubuhi, nami namjibu kwa Kichina chake, mei you, hakuna, mwandishi hayupo. Makapeni iko kwenye mkoba wangu. Njoo uichukue.

Ni mimi, dada yako