Nyanya za Kipaimara Zimepigwa Dawa Juzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza shikamoo. Huku Endasak hatujambo, baba Agatha hajambo, Agatha mwenyewe hajambo, pacha Abel na Justina wanacheza, bibi yao goti linamsumbua lakini anakula vizuri, nami ninayeandika ni mzima ila moyo haujatulia.

Mshauri, sisi tunalima nyanya, shamba la kuuza liko bondeni na la kula wenyewe liko nyuma ya jiko, la nyuma ya jiko hatulipigi dawa kabisa, la bondeni mume wangu analipiga hata siku moja kabla ya kuchuma kwa sababu wachuuzi wanataka nyanya yenye unga mweupe, wanasema hiyo haiozi njiani, na mimi miaka yote nimenyamaza kwa kuwa walaji siwajui, sasa Jumapili ya wiki ijayo Agatha na wenzake wanapata kipaimara na mimi kwa mdomo wangu nimeahidi kigangoni nyanya zote za sherehe, juzi baba Agatha kapiga dawa, nikampelekea mwalimu Verdiana pakiti ya dawa anisomee maana niliishia darasa la tatu, akasema, "Mama Agatha, hapa wameandika zikishapigwa zisichumwe mpaka siku kumi na nne," nikahesabu kwa vidole, hazifiki, nikamwambia mume wangu, akacheka, "Si uzioshe na chumvi! Mbona wanaozinunua mnadani hawajafa?" Nikisema watanicheka kigangoni, nikinyamaza watoto wa watu watakula. Nijibu haraka, kabla akina mama wa kigango hawajaja na ndoo zao kuzichukua.

Mama Agatha, Endasak

*

Mama Agatha, marahaba. Bibi mpe pole ya goti.

Unauliza kama useme? Sema! Miaka yote ulijua, ukanyamaza. Hapo nakugombeza, na huyo anayecheka namgombeza zaidi. Tumbo la mtu wa mnadani nalo ni tumbo. Lakini mama aliyeishia darasa la tatu akatafuta wa kumsomea pakiti, huyo kawazidi wasomi wengi. Na nyanya bado ziko shambani, hakuna aliyekula. Umewahi.

Leo hii nenda kwa mwenyekiti wa akina mama, mwambie: "Za bondeni hazijafikisha siku." Watacheka kidogo, halafu kila mmoja ataanza kuhesabu za kwake. Chuma za nyuma ya jiko. Zikipungua, omba kwa jirani ambaye hajapiga, au wali upikwe na nyanya chache, kipaimara hakitaharibika. Kuosha osheni kila mara, kwa maji mengi safi, ila maji hayafupishi siku za pakiti, wala chumvi.

Nawe baba Agatha, unapopiga dawa andika tarehe ukutani, na umwite bwana shamba akuonyeshe kipimo. Siku zikitimia, chumeni za bondeni, mle ninyi kwanza, ndipo mwite wachuuzi.